Sauti safi ya video kwa programu za bure: Shotcut na Audacity hatua kwa hatua

Wengi wanaohariri video kwa programu za bure huamini sauti zao ni mbovu kwa sababu programu haina zana. Hebu fungua Shotcut, inayopatikana bure kwa Windows, Mac na Linux, uangalie orodha ya vichujio vya sauti. Utakuta kompresa (hupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), limita (huzuia vilele visipite kikomo), ikwalaiza (hupandisha au kushusha masafa uliyoyachagua), kichujio cha kukata besi, kichujio cha kuondoa masafa mamoja tu, geti ya kelele (hufunga sauti iliyo chini ya kiwango fulani), na vipimo vya LUFS, yaani ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Zana zipo. Kinachoharibu kazi ni kuzitumia kichwa chini miguu juu: mtu anakandamiza kwanza, anasafisha baadaye, kisha mwishoni anapandisha sauti mpaka inapasuka.

Hapa tunaifuata kazi moja, kuanzia faili linapotoka kwenye simu hadi linapopakiwa YouTube. Uhariri unafanyika Shotcut, usafishaji mzito unafanyika Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, na FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za maandishi, inatumika kwa kazi ndogondogo zinazohitaji usahihi. Mwenye Kdenlive au DaVinci Resolve ya bure atakuta majina tofauti kwenye menyu, lakini mpangilio ni uleule.

Mpangilio wenyewe ni huu: sawazisha fremu, linganisha sauti na midomo, rekebisha kiwango, punguza kelele, kata besi isiyo na kazi, nyoosha sauti kwa ikwalaiza, kandamiza, weka muziki, kisha pima na ufunge kwa limita. Kelele inatangulia kompresa kwa sababu ya hesabu tu. Tuseme msemaji yuko -20 dB na feni iko -55 (kwenye kipimo hiki 0 ndiyo dari, na namba hasi ziko chini yake). Kompresa inashusha vilele vya msemaji, halafu wewe unapandisha vyote kwa dB 6 ili kufidia. Msemaji akinyamaza, kompresa inaachia na feni inafika -49. Akianza tena kusema, feni inazama. Feni iliyokuwa ikivuma sawasawa sasa inapumua kama mtu aliyekimbia, na Audacity haiwezi kuisafisha vizuri kwa sababu yenyewe hutafuta kelele isiyobadilika.

Litibu faili kwanza

Simu nyingi hurekodi idadi ya fremu inayobadilikabadilika. Mwanga ukiwa mzuri hupiga fremu 30 kwa sekunde. Chumba kikiwa na giza hupunguza bila kukuambia. Sauti haipungui hivyo, inakwenda kwa mwendo wake. Matokeo yake, mwanzoni midomo na maneno vinakwenda pamoja, lakini kufika dakika ya kumi na tano vimeachana.

Kabla ya kurekebisha chochote, jua una tatizo gani. Kama sauti imechelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, unahitaji kuisogeza tu. Kama kuchelewa kunakua kadiri video inavyosonga, chanzo ni fremu zinazobadilika, au ni vifaa viwili vilivyorekodi kwa saa mbili zisizolingana. Ukisogeza sauti katika hali hii ya pili, utakuwa umeponya dakika moja na kuharibu nyingine.

Shotcut ikigundua faili la namna hiyo hukuletea kisanduku chenye maneno "Convert to Edit-friendly". Kikubali. Faili jipya litakuwa kubwa kuliko la awali, kwa hiyo angalia nafasi kwenye diski. Anayependelea FFmpeg atumie amri hii:

ffmpeg -i simu.mp4 -fps_mode cfr -r 30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a pcm_s16le simu_sawa.mov

Ikikataa neno fps_mode, toleo lako ni la zamani. Andika -vsync cfr mahali pake.

Sauti ya video hutumia sampuli 48,000 kwa sekunde. Muziki wa CD hutumia 44,100. Shotcut hubadilisha yenyewe, lakini ukisafisha faili Audacity hakikisha mradi uko 48,000 tangu mwanzo, usije ukabadilisha mara mbili bila sababu. Na kama mpigapicha anakutumia mafaili kwa WhatsApp, mwambie atume kama hati, si kama video. Video ya kawaida hukamuliwa njiani, picha na sauti pamoja, na kilichokamuliwa hakirudi.

Midomo na maneno

Maikrofoni ndogo ya kwenye kola ikirekodi kwenye simu ya pili, piga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza. Kwenye mchoro wa sauti kofi huonekana kama mwiba uliosimama peke yake. Katika Shotcut weka sauti ya kamera kwenye traki moja na ya maikrofoni kwenye traki ya chini yake, bofya kitufe cha kulia juu ya klipu ya maikrofoni na uchague "Align to Reference Track". Programu italinganisha michoro miwili yenyewe. Ikishindwa, na hushindwa pale sauti ya kamera ilipojaa mwangwi, linganisha miiba miwili kwa mkono, kisha nyamazisha traki ya kamera.

Usahihi gani unatosha? Kwa video ya fremu 25, fremu moja ni milisekunde 40. Pendekezo BT.1359 la ITU-R, tawi la shirika la kimataifa la mawasiliano, linasema mtu huanza kugundua pale sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, au inapochelewa kwa 125. Sauti inayotangulia hukera upesi zaidi kwa sababu maishani haitokei. Inayochelewa tumeizoea, kwa kuwa sauti husafiri mita 343 tu kwa sekunde na mtu aliye mita kumi kutoka kwako unamsikia baada ya milisekunde 29. Ukibaki na shaka kati ya fremu mbili, chagua ile inayochelewesha sauti.

Mahojiano marefu yana mtego wake. Vifaa viwili vikitofautiana saa kwa sehemu 50 tu katika milioni, baada ya saa nzima vimeachana milisekunde 180. Dawa rahisi ni kukata sauti ya maikrofoni penye kimya kila baada ya dakika kumi na kuilinganisha upya. Hakuna atakayesikia.

Kiwango, na upande usiosikika

Fungua "View", kisha "Scopes", uwashe "Audio Peak Meter" na "Audio Loudness". Vilele vya sauti mbichi viwe kati ya -12 na -6 dB. Vikiwa chini, pandisha klipu kwa kichujio cha "Gain / Volume". Vikiwa vimegota 0 na mchoro umekatwa juu kama nyasi zilizofyekwa, sauti imepasuka tangu kurekodiwa, na kushusha kiwango sasa hakusaidii: vilele vitashuka, lakini vitabaki bapa. Audacity ina "Clip Fix" inayokisia umbo la kilele kilichokatwa. Iache kwenye 95% na -9 dB ujaribu. Huokoa neno moja au mawili yaliyopasuka. Haiwezi kuokoa hotuba nzima, na anayekuahidi vinginevyo anakuuzia kitu.

Sauti ikisikika sikio moja tu, maikrofoni iliingia upande mmoja wa kamera. Tumia "Copy Channel" kunakili upande wenye sauti kwenda mwingine. Kuna hitilafu nyingine inayofanana nayo kwa mbali na ni ya hatari zaidi: baadhi ya nyaya na adapta za bei nafuu hupeleka sauti ileile kushoto na kulia, ila upande mmoja ukiwa umegeuzwa. Kwenye hedifoni unasikia sauti pana ya ajabu, iliyokaa kama nyuma ya kichwa. Kwenye simu yenye spika moja pande hizo mbili zinafutana na msemaji anapotea kabisa, muziki unabaki. Mtazamaji anaandika "sauti haipo" na wewe unaisikia vizuri. Dawa ni hiyohiyo ya kunakili upande mmoja.

Kutoka Shotcut kwenda Audacity na kurudi

Safisha faili zima kabla ya kulikatakata. Ukikata kwanza utatupa zile sekunde za ukimya ambazo Audacity inazihitaji ili kuijua kelele, na utakuwa na vipande arobaini vya kusafisha badala ya kimoja.

Toa sauti kwenye video:

ffmpeg -i simu_sawa.mov -vn -ac 1 -ar 48000 -c:a pcm_s24le ghafi.wav

Hiyo -ac 1 huunganisha pande mbili kuwa moja, kwa hiyo kama una lile tatizo la upande uliogeuzwa au upande mtupu, lishughulikie kwanza. La sivyo utajifuta sauti mwenyewe. WAV ya biti 24 ya upande mmoja hula takriban MB 8.6 kwa dakika. Usitumie MP3 kwa safari hii. Mbali na kupoteza ubora, MP3 huweza kuongeza ukimya wa milisekunde 25 hivi mwanzoni mwa faili, na hapo umekaribia kula fremu nzima.

Ndani ya Audacity sheria ni moja: urefu usibadilike. Usibonyeze "Delete", kwa sababu huvuta sauti yote ya mbele irudi nyuma. Usiguse "Truncate Silence". Kikohozi kikitokea wakati msemaji amenyamaza, kichague na ukishushe kwa "Amplify" -18 dB. Hata Ctrl+L, inayoweka ukimya mtupu, ni bora uiepuke, maana chumba chenye uhai kikikatika ghafla mtazamaji hudhani simu yake imezima.

Kupunguza kelele bila kumzamisha msemaji

Hapa ndipo sauti nyingi huuawa, kwa hiyo tukae kidogo.

"Noise Reduction" ya Audacity hufanya kazi kwa kulinganisha. Unaionyesha kipande chenye kelele peke yake, inapima nguvu ya kelele hiyo katika kila kanda ya masafa, halafu kwenye faili zima inashusha kila kanda ambayo nguvu yake haizidi kipimo hicho. Kwa maelezo hayo tu unaweza kutabiri itafaulu wapi. Pangaboi, kiyoyozi, mvumo wa friji, jenereta ya jirani inayounguruma bila kubadilika: hivi vinatoka. Mvua kwenye mabati huongezeka na kupungua kila sekunde, kwa hiyo hutoka nusunusu. Bodaboda inayopita, adhana, jogoo na honi havitoki, kwa kuwa havikuwemo kwenye sampuli. Mwangwi wa chumba kitupu hautoki kabisa, kwa sababu mwangwi ni sauti ya msemaji mwenyewe inayorudi.

Fanya hivi. Chagua sekunde moja au mbili za kelele tupu, zisizo na pumzi wala msukosuko wa nguo. Nenda "Effect", fungua "Noise Reduction", bonyeza "Get Noise Profile". Kisha chagua faili zima kwa Ctrl+A, rudi kwenye dirisha lilelile, na uweke:

Kupunguza: dB 6 hadi 9
Usikivu: 6
Ulainishaji wa masafa: kanda 3

Usikimbilie 20. Kabla ya kukubali, chagua "Residue" na ubonyeze kusikiliza. Sasa unasikia takataka zinazotupwa. Ukisikia mvumo mtupu, uko salama. Ukisikia maneno, au ncha za "s" na "f" na "sh" zikinong'ona, unatupa msemaji pamoja na kelele. Teremsha usikivu hadi 4 au kiasi cha kupunguza. Rudisha alama kwenye "Reduce", ndipo ukubali.

Kelele ikibaki nzito, rudia mara ya pili kwa dB 6 ukichukua sampuli mpya kutoka kwenye sauti iliyokwisha kusafishwa. Mapitio mawili mepesi huumiza kidogo kuliko moja zito. Ukipitiliza, utasikia vimluzi vidogo vinavyotokea na kupotea nyuma ya maneno, na msemaji atasikika kama yuko ndani ya pipa la maji. Hapo bonyeza Ctrl+Z. Feni inayosikika kwa mbali haimkimbizi mtu. Sauti ya pipa humkimbiza.

Ukiwa bado hujarekodi, kuna dawa bora kuliko hii yote. Nusu ya umbali kati ya mdomo na maikrofoni huongeza sauti ya moja kwa moja kwa dB 6, wakati kelele ya chumba inabaki palepale. Kutoka sentimita 80 hadi 20 ni dB 12, bure, bila vimluzi. Na acha sekunde tano za ukimya kabla ya neno la kwanza, feni ikizunguka vilevile, ili upate sampuli safi. Kwa mwangwi, tegemea magodoro na mablanketi mazito, si programu. Khanga ukutani hupendeza, lakini kitambaa chepesi hushika masafa ya juu tu na kuacha mvumo wa katikati ukizunguka.

Mngurumo wa umeme ni ugonjwa mwingine na una dawa yake. Afrika Mashariki umeme ni wa Hz 50, kwa hiyo mngurumo hukaa 50, 100, 150 na kuendelea. Ukirekodi Marekani au Saudi Arabia utaukuta 60, 120, 180. Fungua "Notch Filter", ambayo huja ikiwa imewekewa 60 na Q ya 1 (Q ikiwa kubwa, mkato huwa mwembamba). Vyote viwili havitufai: 60 si masafa yetu, na Q ya 1 ni pana mno, itakata kipande kizima cha sauti ya mwanamume. Weka 50 na Q ya 20, kubali, kisha rudia kwa 100 na 150. Ishia hapo au 200. Mbele zaidi unaanza kula maneno. Mngurumo ukitokea tu laptopu inapochajiwa, chomoa chaja, rekodi kwa betri, na hutahitaji aya hii.

Ukimaliza, toa WAV ya biti 24, 48,000, uiite safi.wav. Linganisha urefu wake na ghafi.wav, lazima vilingane hadi sehemu ya elfu ya sekunde. Irudishe kwenye video bila kuikamua picha upya:

ffmpeg -i simu_sawa.mov -i safi.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a pcm_s24le klipu_safi.mov

Sehemu ya -c:v copy ndiyo inayofanya amri imalizike upesi na picha ibaki kama ilivyokuwa. Klipu hii ndiyo unayoingiza Shotcut na kuikata upendavyo.

Vichujio ndani ya Shotcut

Shotcut hukuruhusu kuweka kichujio kwenye klipu, kwenye traki nzima, au kwenye mradi wote. Ukibofya kichwa cha traki kisha ukaongeza kichujio, kinashika kila klipu iliyomo. Wengi hawalijui hili, wananakili ikwalaiza ileile kwenye klipu sitini na kuirekebisha mara sitini. Kiwango cha "Gain" kikae kwenye klipu, kwa kuwa kila klipu ina ukubwa wake. Ikwalaiza na kompresa vikae kwenye traki ya msemaji. Limita ikae kwenye "Output", iliyo juu ya vichwa vya traki. Vichujio hufanya kazi kwa kufuata orodha kutoka juu kwenda chini.

Anza na "High Pass": Hz 80 kwa sauti nzito ya kiume, 100 kwa sauti ya kike. Chini ya hapo kuna mitikisiko ya meza, upepo na magari, maneno hayapo. Usipomwondoa mgeni huyo, kompresa itamwitikia yeye badala ya msemaji.

Kisha ikwalaiza, kwa mkono mwepesi. Sauti ikiwa na ukungu, kama mtu anayezungumza akiwa amefunikwa shuka, punguza dB 2 hadi 4 kati ya Hz 200 na 400. Maneno yakikosa makali, ongeza dB 2 karibu na 3,000. Herufi "s" ikichoma sikio, tafuta kati ya 5,000 na 8,000, punguza dB 3. Kupunguza mara nyingi hutibu kuliko kuongeza. Na usiongeze besi eti msemaji asikike kama mtangazaji wa redio. Spika ya simu haina uwezo wa kuitoa, itajaa tu na kuziba maneno.

Kompresa: kizingiti -20 dB, uwiano 3 kwa 1, kushika milisekunde 10, kuachia 150, kufidia dB 3. Angalia mshale wa upunguzaji. Msemaji anapozungumza kawaida uguse dB 3, akipaza sauti ufike 6. Ukikaa 10 wakati wote, teremsha nguvu kwa kusogeza kizingiti kuelekea -14. Muda wa kuachia ukiwa mfupi mno utasikia pumzi za msemaji zikiruka mbele ya maneno yake. Tahadhari nyingine: namba -20 inadhani umefuata hatua ya kiwango hapo juu. Klipu yenye vilele vya -30 haitafika kwenye kizingiti, na kompresa itakaa bila kufanya lolote huku wewe ukidhani ni mbovu.

Geti ya kelele ni bora uiache. Hukata mwisho wa maneno, na kwa Kiswahili, ambacho karibu kila neno huishia kwa irabu, hasara yake ni kubwa: "hajafika" inakuwa "hajafik".

Muziki wa chini uwe dB 15 hadi 20 chini ya msemaji. Ushushe kwa "Keyframes" za kichujio cha "Gain": nukta moja nusu sekunde kabla ya neno la kwanza, ya pili neno linapoanza, na upandishe taratibu zaidi unaporudi, sekunde moja na nusu hivi. Muziki wenye mwimbaji chini ya maelezo hauna kiwango kinachofaa.

Kipimo cha mwisho

Kilele hakisemi sauti ni kubwa kiasi gani masikioni. LUFS ndiyo hupima hilo. YouTube hushusha sauti inayozidi takriban -14 LUFS, na iliyo chini ya hapo haiipandishi. Podikasti kwa Apple hulenga -16. Televisheni zinazofuata EBU R128, kiwango cha watangazaji wa Ulaya, hutaka -23.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo chanzo cha lalamiko moja la kila siku. Kichujio cha "Normalize: Two Pass" cha Shotcut huja kikiwa na lengo la -23. Mtu anabonyeza "Analyze", anatoa video, kisha analalamika kwamba programu imemnyongea sauti. Imetii: iko dB 9 chini ya wenzake wa YouTube. Badilisha lengo kuwa -14 au -16, ndipo uchambue. Kisha weka limita kwenye "Output", kikomo -1.5 dB, ili kilele kisipande kupita 0 sauti ikikamuliwa kuwa AAC.

Kwa anayetaka usahihi zaidi, toa video kwanza, kisha upime kwa FFmpeg:

ffmpeg -i mradi.mp4 -af loudnorm=I=-14:TP=-1.5:LRA=11:print_format=json -f null -

Itakuandikia input_i, input_tp, input_lra, input_thresh na target_offset. Ziingize kwenye pito la pili. Tuseme imekupa -19.8, -4.2, 6.3, -30.1 na 0.2:

ffmpeg -i mradi.mp4 -af loudnorm=I=-14:TP=-1.5:LRA=11:measured_I=-19.8:measured_TP=-4.2:measured_LRA=6.3:measured_thresh=-30.1:offset=0.2:linear=true -ar 48000 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k mwisho.mp4

Usisahau -ar 48000, kwa sababu loudnorm huweza kupandisha sampuli hadi 192,000 ikiwa kazini na isipoambiwa huenda ikakuachia kiwango usichokitaka. Tena angalia mfano huo: kutoka -19.8 hadi -14 ni kupanda dB 5.8, na kilele cha -4.2 kikipanda hivyo kitafika +1.6. Hakiingii chini ya -1.5, kwa hiyo FFmpeg itaacha njia ya mstari na kuanza kubana sauti yenyewe hapa na pale. Ukitaka kuepuka hilo, rudi Shotcut uongeze kompresa kidogo, au ukubali -18.

Sikiliza matokeo kwenye simu ya kawaida, spika yake, ukiwa umesimama mita moja, feni ikiwa imewashwa. Kisha kwa hedifoni kusaka vimluzi. Ukishapakia YouTube, bofya kitufe cha kulia juu ya video kwenye kompyuta na uchague "Stats for nerds". Mstari wa sauti una maneno "content loudness". Ikiandikwa -0.5dB uko palepale. +3 ina maana wameshusha na ulibana bure. -6 ina maana mtazamaji anaongeza sauti kwako, kisha tangazo linalofuata linamlipukia.